Bastola ya Baba Mkwe

Kabla sijastaafu nilikuwa fundi wa bunduki. Wengi hapa Arusha hawajui kwamba kazi hiyo ipo, lakini mji wenye makampuni ya uwindaji lazima uwe na mtu wa kubadilisha kitako kilichopasuka, wa kunyoosha shabaha iliyopinda, wa kutoa mchanga kwenye bunduki ya mgeni anayeondoka kesho. Nilifanya kazi hiyo miaka zaidi ya thelathini katika karakana moja nyuma ya duka, chini ya fundi wa Kihindi aliyenichukua nikiwa sijui hata kushika tupa.

Pamoja na matengenezo, tulikuwa tunaletewa silaha za zamani tuzitambue. Mwenye shamba amekufa, au mzee anahama nchi, na kwenye kabati kuna kitu ambacho watoto hawakijui. Tunasoma alama, tunapima mdomo wa mtutu, tunafungua vitabu, kisha tunaandika karatasi: imetengenezwa nchi gani, miaka ipi, hali yake ikoje, na ikiuzwa kihalali inaweza kufika wapi. Fundi wangu alikuwa na amri moja juu ya kazi hiyo. Usitaje bei mbele ya wenye mali kabla hujaifungua silaha yote na kusoma kila namba. Niliifuata amri hiyo miaka yote ya ajira. Niliivunja mara moja tu, nikiwa nimeshastaafu, kwenye msiba wa baba mkwe wangu.

Mke wangu ni Mmeru, binti mkubwa wa familia yenye shamba la kahawa na migomba juu ya Tengeru, kule barabara ya vumbi inapoanza kupanda mlima. Mimi ni Mchaga, na wakati nachumbia baadhi ya ndugu zake hawakunitaka. Baba mkwe ndiye aliyesema niachwe niingie. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ujana wake alimwendeshea gari mzungu mmoja mwenye shamba, na mzungu alipoondoka nchini yeye alirudi kwenye kahawa yake hadi alipofariki.

Siku ya tatu baada ya mazishi, watoto waliingia kwenye stoo kutoa magunia ili wageni wapate pa kulala. Juu darini wakakuta debe la mafuta lililofungwa kwa waya. Ndani yake mlikuwa na kitambaa kigumu kama ngozi, na ndani ya kitambaa, bastola.

Wakaniita. Nilikuwa nimekaa na wazee kwenye mahema, nikaingia sebuleni nikakuta familia imesimama kuzunguka meza kama watu wanaotazama nyoka. Mama mkwe ndiye peke yake aliyekuwa amekaa.

"Ilikuwa huko tangu mzungu aondoke," alisema. "Marehemu alisema isiguswe."

"Alimpa au?" mke wangu akauliza.

"Sikumwuliza."

Nilipaswa kusema jambo moja tu wakati ule. Marehemu hakuwa na leseni, na silaha ya namna hiyo inapelekwa kituoni, tena mapema, na mwenyekiti wa kitongoji akiwepo. Nililijua jambo hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Lakini shemeji zangu wote walikuwa wananitazama, wale walionikataa na wale waliokuwa watoto wakati huo, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nilikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Nikaomba taa na kitambaa safi. Nikaigeuza. Ilikuwa ya Kiingereza, ile aina inayovunjika katikati mtutu ukashuka chini na silinda ikafunguka yote, ingawa hii ilikuwa imeganda kwa kutu na haikuvunjika hata kidogo. Chini ya mpini ilikuwa na pete ya kufungia kamba, maana yake ilibebwa na askari, pengine wa farasi. Pembeni ya silinda niliona taji dogo na herufi, alama wanazogonga baada ya kuijaribu kwa baruti kali. Risasi hazikuwemo. Kisha, juu ya kifyatulio, nikaona namba. Tarakimu tatu.

Nikasogeza taa karibu. Bastola za aina hiyo zilitengenezwa kwa maelfu mengi, na hazina ajabu. Lakini za mwanzo kabisa, zile za namba ndogo, ni chache, na wakusanyaji wa Ulaya wanazitafuta sana.

"Unaijua?" akauliza shemeji yangu wa mwisho, kitinda mimba wa nyumba ile. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, analima nyanya na hoho na kuziuza sokoni Tengeru.

"Naijua," nikasema. "Kama ni kile ninachofikiri, Mzungu anayekusanya vitu hivi anaweza kutoa bei ya nyumba. Nyumba nzuri, vyumba vitatu, pale Kijenge."

Halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja, Kimeru na Kiswahili vimechanganyika, na shemeji yangu mkubwa, yule aliyewahi kusema Mchaga hataoa hapa, akaniletea kiti mwenyewe.

Nikaondoka nayo ndani ya mfuko wa unga, chini ya kiti cha gari. Nyumbani kwetu Kijenge nina chumba cha nje chenye meza, jiwe la kunolea na vifaa nilivyobaki navyo. Sikuwa na haki ya kuishika silaha ile. Leseni ya karakana ilikuwa ya mwajiri wangu, na mimi nilikuwa mstaafu mwenye tupa tu. Nilimwambia mke wangu kwamba naitazama siku mbili, halafu tutafuata taratibu.

Niliiloweka kwenye mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya cherehani. Siku ya tatu ikavunjika katikati, taratibu, kwa sauti kama mlango wa zamani. Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Nilitoa mpini nikakuta springi ya nyundo imekatika vipande viwili. Bila springi ile bastola ni chuma tu, unaweza kuvuta kifyatulio mpaka kesho na hakuna kitakachotokea. Kwa utambuzi sikuhitaji kuigusa. Ningeandika "springi imekatika" na kuendelea.

Lakini nilikuwa nimekaa miaka miwili bila kazi ya mikono. Nikachukua kipande cha chuma cha springi nilichokuwa nimekihifadhi, nikakikata, nikakikunja, nikakitupa kwenye mkaa mpaka kikawa na rangi ya tunda la kahawa lililoiva, nikakizamisha kwenye mafuta, nikakipasha tena polepole ili kisiwe kigumu mno. Nilikiharibu cha kwanza. Cha pili kikakaa. Nilipovuta nyundo nyuma ikashika, nilipobonyeza kifyatulio ikadondoka kwa nguvu, na silinda ikageuka hatua moja kama ilivyofanya siku ilipotoka kiwandani. Mke wangu alikuwa anaanika nguo nje. Nikamwita aone.

"Sasa inafanya kazi?" akauliza.

"Inafanya kazi."

"Ulitaka ifanye kazi ya nini?"

Nikacheka. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye nguo zake.

Kutu iliyokuwa juu ya kifyatulio ndiyo iliyokuwa ya mwisho kulegea. Nilikuwa naifuta kwa kijiti cha mwanzi, kwa uangalifu, na mbele ya zile tarakimu tatu ikatokea nyingine. Nikafuta tena. Ikatokea ya pili, na ya tatu. Namba haikuwa ndogo. Ilikuwa ndefu kama za wenzake wote. Nikawasha taa kubwa nikasoma silinda, ambayo inapaswa kuwa na namba ileile. Ilikuwa na nyingine kabisa. Mpini nao ulikuwa wa aina ya baadaye. Kwa maneno mengine, ilikuwa imeunganishwa kutokana na bastola mbili mbovu, pengine katika karakana ya jeshi wakati wa vita, ili mtu fulani awe na kitu kiunoni. Hakuna mkusanyaji ambaye angeiweka hata kwenye droo ya chini.

Nilikaa pale mpaka chai niliyoletewa ikapoa. Nilikuwa nimeona mambo kama hayo mara nyingi kazini, na kazini unaandika tu. Hapa nilikuwa na sebule nzima ya watu niliowapa nyumba ya vyumba vitatu. Nikajiambia nitasubiri kikao cha familia cha kumaliza msiba, niseme taratibu, mbele ya wazee. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu, na kila siku iliyopita iliongeza aibu.

Kabla ya kikao hicho, shemeji yule wa mwisho akaja Kijenge asubuhi moja, amevaa shati la kanisani.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Vipi mama?"

"Mama mzima. Amenituma. Anasema kitu cha marehemu kisilale nyumba nyingine kabla msiba haujaisha."

Nilijua mama mkwe asingesema hivyo. Yeye ndiye ambaye hakutaka hata kukitazama. Lakini mtu anayetaka kudanganywa hadanganywi kwa shida. Kuwa nayo ndani ya nyumba kulikuwa kumeanza kunitisha, na kumpa kulinipunguzia mzigo. Nikaingia chumbani nikaileta, imefungwa kwenye kitambaa kipya.

"Iweke mahali salama," nikamwambia. "Na msiioneshe mtu. Kuna mambo nataka kuyaeleza kwenye kikao."

"Mambo gani?"

"Ya karatasi."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, akiwa tayari mlangoni, kwamba akipata fungu lake atanunua kirikuu, ile pikapu ndogo, ili nyanya zisiwe zinamuozea akisubiri gari za watu. Alisema kwa haya, kama mtu anayeomba. Ningeweza kumwambia palepale. Nilikuwa na mkono wangu begani kwake. Nikamwambia asafiri salama.

Simu ilikuja wiki iliyofuata, mchana. Mke wangu aliipokea, akakaa chini sakafuni bila kutafuta kiti. Shemeji alikuwa amepata mtu aliyesema anamjua mnunuzi mgeni. Wakakutana nyuma ya baa moja barabara ya kwenda Usa, mji mdogo ulio mbele ya Tengeru. Hakukuwa na mgeni. Kulikuwa na askari wanne waliovaa kiraia, na mmoja wao akamwuliza, kabla ya kumfunga pingu, kama inafanya kazi. Yeye, maskini, akadhani bado wanapatana bei. Akasema inafanya kazi kabisa.

Dhamana ilifungwa. Alikaa mahabusu mwaka mzima na zaidi, kesi ikitajwa na kuahirishwa, ikitajwa na kuahirishwa. Nyanya zilizokuwa shambani zilioza zikiwa zimesimama kwenye miti yake. Mkewe aliwachukua watoto akarudi kwao Engutoto. Familia ilitafuta wakili, mwanamke wa makamo mwenye ofisi ya ghorofani karibu na mahakama, na mimi ndiye niliyetumwa kuzungumza naye kwa sababu ya taaluma yangu.

Aliniuliza maswali mengi juu ya bastola za zamani, akiandika. Alikuwa na wazo zuri. Alitaka kuonyesha kwamba kile kilikuwa kumbukumbu ya marehemu, kitu kilichokufa, chuma cha kuweka ukutani.

"Tatizo ni moja," akasema. Akatoa karatasi kwenye faili. "Mtaalamu wa silaha wa serikali ameijaribu. Imefyatua. Na ameandika kwamba springi ni mpya. Mpya, mzee. Nani anaweka springi mpya kwenye bastola ya enzi za mkoloni kama si mtu anayetaka kuitumia?"

Nilitazama dirishani. Chini barabarani kulikuwa na mtu anauza parachichi kwenye toroli.

"Ni mimi," nikasema.

Alivua miwani akaiweka juu ya faili.

"Mteja wangu anajua?"

"Anajua nilikuwa nayo. Kuhusu springi sijui."

"Kwenye maelezo yake polisi wamemwuliza mara tatu nani mwingine aliishika. Mara tatu amesema hakuna." Akavaa miwani tena. "Nilikuwa nataka kukuita uwe shahidi. Sasa ukipanda kizimbani, utaulizwa, na ukijibu utakuwa umemthibitishia mwendesha mashtaka kwamba ilitengenezwa ifanye kazi. Na wewe hutatoka mahakamani kwa mlango ulioingilia. Naomba usije."

"Na nikija?"

"Hilo litakuwa lako na dhamiri yako. Mimi namtetea yeye."

Sikwenda. Nilisema nyumbani kwamba wakili ameshauri hivyo, jambo ambalo lilikuwa kweli. Siku ya hukumu nilikaa Kijenge nikapaka rangi geti. Mke wangu alirudi jioni, akanikuta bado napaka sehemu ambayo ilikuwa imeshakauka, akaniambia ni miaka kumi na mitano.

Nilianza kwenda kumwona gerezani. Mwanzoni sikusema chochote cha maana, nilipeleka sabuni na salamu. Alikuwa anakonda. Alianza kukohoa mahabusu na hakuacha. Ziara ya nne au ya tano, akaniuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza matokeo ya mechi aliyoikosa.

"Shemeji, hivi kweli wangetoa ile bei?"

Askari alikuwa amesimama hatua chache, anatazama simu yake.

"Hapana," nikasema. "Nilikosea. Namba ilikuwa imefunikwa na kutu. Haikuwa na bei yoyote."

"Ulijua lini?"

"Kabla hujaja kuichukua."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa ya baba mkwe, sikuwahi kuliona hilo kabla. Nikadhani atanitukana, na ningeshukuru. Akainama, akachukua mfuko wa sabuni, akaufunga fundo.

"Polisi walipokuwa wananiuliza," akasema, "nilikuwa nafikiri dada yangu atabaki na nani ukifungwa na wewe. Ndiyo maana nikanyamaza." Akakohoa. "Usije mwezi ujao. Nikikutaka nitamwambia dada."

Siku hiyohiyo nilimweleza mke wangu yote. Tulikuwa jikoni, anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mikono yake ikiendelea kwenye ungo, na nilipomaliza alimwaga mchele wote kwenye sufuria na mawe yake. Wiki hiyo tulilala vyumba tofauti. Kisha asubuhi moja alinikuta nanywa chai, amevaa tayari, amebeba mkoba.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kituoni. Ukaseme."

Alikaa nami kwenye benchi mpaka nikaitwa. Afisa aliyenisikiliza angeweza kuwa mwanangu. Alinipa shikamoo, akaandika kurasa mbili, akaniuliza kama springi niliitengeneza kwa mkono kweli, akashangaa kidogo. Nikasaini. Akaniambia nirudi nyumbani, nisisafiri, nitaitwa. Wakili naye alichukua nakala kwa ajili ya rufaa, akaniambia nisitegemee makubwa, kwani kosa ni kupatikana nayo, na aliyepatikana nayo si mimi. Mpaka leo sijaitwa. Rufaa haijapangiwa tarehe.

Mke wangu sasa anakaa zaidi kwao kuliko kwangu. Anasema mama amezeeka, na ni kweli, lakini kuna siku naona begi lake kubwa limebeba nguo nyingi kuliko safari inavyohitaji.

Jumapili iliyopita nilipanda mwenyewe kwenda kumwambia mama mkwe. Nilidhani mke wangu alikuwa ameshamweleza, lakini hakuwa amefanya hivyo, alikuwa ameniachia. Nilimkuta mama mkwe amekaa nyuma ya nyumba akimenya ndizi, kisu chake kidogo, vidole vyeusi kwa utomvu. Nikasema yote nikiwa nimesimama: namba, springi, asubuhi ile ya shati la kanisani. Hakuinua kichwa. Alimenya ndizi tatu, nne.

"Mume wangu aliiacha ioze miaka yote hiyo," akasema mwishowe. "Wewe ulikuwa na haja gani nayo?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema habari ya ufundi, na habari ya kukaa bila kazi, na habari ya kile kiti nilicholetewa sebuleni.

Akachukua ndizi nyingine, akamwita binti yake kutoka jikoni.

"Mpe chakula," akamwambia kwa Kimeru, ambacho baada ya miaka yote hiyo nakielewa. "Ana safari ya kurudi."

Nikala peke yangu barazani. Mke wangu alileta maji ya kunawa, akanimwagia mikononi, akaingia ndani.